Saluti ya Soja wa Getini

Nakumbuka vizuri, mwanangu, nilivyonuna siku niliyopewa kuigiza soja wa getini, mlinzi tu. Mimi nilikuwa nimeshajiona bwana harusi wa mchezo, hata suti nilikuwa nimeazima. Kwa hiyo jana uliponiambia unahama kikundi chenu cha maigizo cha Mashimoni kwa sababu umepewa tena kuigiza mama mboga, nilicheka kidogo, halafu nikakuonea huruma. Inauma, najua.

Mzee Kilonzo, mwigizaji mkongwe wa kikundi chetu, ndiye aliyeniona nimesimama jukwaani kama mlingoti. Huyu maisha yake yote aliigiza watu wadogo: mlevi, makanga wa matatu, padri wa kuzika. Alianzia ukumbi wa kanisa hapa Kabiro, akafika hadi kwenye runinga. Watu wa Kawangware walimwita kwa majina hayo yote, lake hawakulijua, naye aliitika tu huku akicheka.

"Kijana, umenuna ya nini?" aliniuliza. "Unadhani soja hana maisha? Kesho twende kule kwenye magorofa ya Nyayo Highrise. Na huko usiigize kitu, wewe angalia tu."

Akanikalisha getini na rafiki yake Musyoka, soja wa kweli. Kila gari likiingia, Musyoka alipiga saluti, na wenye magari hata hawakugeuka. Basi nikaona kitu. Gari likishapita, mkono wake ulibaki juu kidogo, kama bado anangoja kuitikiwa. Roho iliniuma sana.

Siku ya mchezo, bwana harusi akanipita na madoido yake. Nikapiga saluti, mkono nikauacha pale juu. Mama mmoja huko nyuma akasema kwa sauti, "Woi, si huyo ni Baba Mwende wangu!" Alikuwa mke wa Musyoka; Mzee Kilonzo alikuwa amewaalika wote wawili. Na Musyoka mwenyewe, kando yake, akasimama polepole, akanijibu saluti yangu. Nililia mbele ya watu wote, wala sikuona haya.

Sasa nisikize, mwanangu. Usihame. Nenda ukakae na yule mama mboga wa karibu na kioski chenu cha maji, uone anavyowatazama wanaopita bila kununua. Yeye hajawahi kujiona jukwaani hata siku moja. Mwigize vizuri. Siku ya mchezo nitamleta mimi mwenyewe, tukae naye mbele.

Mungu akupe macho ya kuwaona wanaopitwa, na yule utakayemwigiza ainuke kwa ajili yako.