Mama Alipopanda Ndege, Hatukufagia

Zamani zetu mtu akipanda ndege, Kariakoo nzima inakuwa na habari. Siyo siku hizi, mtu anatoka na kandambili mguuni, begi la magurudumu linamlilia nyuma krrr krrr kama baiskeli mbovu, ukimuuliza unakwenda wapi mwanangu, anakwambia "napita sehemu mara moja, Bibi," kumbe hiyo sehemu ni Dubai. Vijana hawa wananichosha. Nyie wenzangu tuliokula ubwabwa wa maulidi sinia moja mnajua ninachosema, maana wa kwenu nao ni hawa hawa.

Enzi zile ndege tulikuwa tunaisikia kabla ya kuiona. Pale Mtaa wa Sikukuu muungurumo ukianza tu tunaacha rede, tunaacha kombolela, aliyekuwa chooni anatoka mbio, wote tunatazama juu mpaka shingo zinauma. Tunapiga kelele: "Ndege ee, nichukue, kesho nirudishe!" Tuliamini kabisa waliomo wanatuona. Mwanaisha wa Mzee Pazi alikuwa anaapa kwamba kuna mzungu aliwahi kumpungia leso kutoka dirishani, na sisi tukamwamini, tukamwonea wivu mwaka mzima.

Kwetu mtu wa kwanza kupanda ndege alikuwa mama yangu, Mwanahamisi. Mdogo wake, khalati Mwanaidi, alikuwa ameolewa Mombasa, ana mimba ya kwanza, miguu imevimba, na habari zilizokuja hazikuwa nzuri. Kungoja meli ilikuwa kuchelewa. Mjomba Shaweji, kaka yao, alikuwa mpakia mizigo kule uwanja wa ndege, akamtafutia mama nafasi ile wanayopewa ndugu wa wafanyakazi. Ilikuwa ndege ya mapangaboi mawili, inakwenda inatua inatua kama kuku anadonoa: Unguja, Pemba, Tanga, ndiyo Mombasa.

Bibi Tatu, mzaa mama yangu, hakuitaka safari hiyo hata kidogo. "Mmoja yuko Mombasa anaumwa," alisema, "na huyu mwingine mnataka kwenda kumtundika hewani." Lakini mgonjwa ni mgonjwa. Asubuhi ya safari akafukiza ubani, akampitisha mama chini ya msahafu mara tatu, akamtemea dua kichwani. Mama Aikande, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, Mchaga wa Machame, akamwazima viatu vyake vyeupe vya kanisani. Tukapanda lori la Mzee Kipara lililokuwa linaleta mkaa kutoka Pugu. Lilipigwa maji likatandikwa mikeka, lakini bado tulifika uwanjani weusi makalioni wote, na nguo zetu za Idi.

Nyie mliozaliwa na ndege zenu za kununua tiketi kwenye simu hamjui kwamba zamani abiria alikuwa anapimwa. Siyo begi tu, na yeye mwenyewe. Kijana mmoja wa shati jeupe, kalamu sikioni, akamwambia mama: "Panda hapa." Mizani ileile unayoiona sokoni.

Bibi Tatu akaingia katikati. "Apande wapi? Mwanangu gunia la mbaazi huyu?"

"Mama, lazima ndege ijue uzito wa abiria wake," mjomba akamwambia.

"Basi wamuulize. Si ana mdomo?"

Watu wakacheka, hata yule kijana. Mama akavua viatu vya Mama Aikande, akapanda huku kashika buibui kwa mikono miwili, uso kauinamisha. Bibi akainama kuitazama sindano ya mizani kwa makini sana, naye namba alikuwa hazijui, kisha akasema, "Haya, wameridhika."

Wasindikizaji tulipandishwa juu kwenye roshani ya kuagia. Mama akatembea kwenye ile lami peke yake, akapanda ngazi, mlangoni akageuka akapunga. Lakini alipunga upande wa mapipa ya mafuta, siyo upande wetu. Sisi tukapiga kelele "Mama! Huku!" mapangaboi yakatumeza sauti. Akaingia. Wenzangu walicheka, Bibi hakucheka. Alisema tu, "Hakutuona."

Kurudi, lori likatoboka tairi Buguruni. Tumefika nyumbani alasiri, tunakuta Mama Aikande ameshika fagio, yuko uani anataka kuanza. Bibi Tatu akampigia kelele toka ukumbini: "Weka hilo chini!"

Kwa watu wa pwani hili halina haja ya maelezo, ila kwa wajukuu wetu wasiojua chochote naliandika. Msafiri akitoka, nyumba haifagiliwi mpaka ijulikane amefika. Ukifagia umefuta nyayo zake, umemsukumia mbali pamoja na taka. Kwa meli Bibi alikuwa na hesabu zake, anajua siku ngapi avumilie. Ya ndege alikuwa hana hesabu. Kwa hiyo akaamua tungoje simu ya maandishi kutoka Mombasa, ile iliyokuwa inaletwa posta kwenye karatasi.

"Bibi," Mama Aikande akasema, "ile ni ndege. Saa hizi yuko Mombasa anakunywa chai."

"Umemwona?"

"Sijamwona, ila ndege ..."

"Basi nyamaza mpaka umwone."

Siku ya kwanza si kitu. Siku ya pili, kuku wa Bibi wakawa wamefanya yao. Ya tatu, machicha ya nazi, magamba ya changu, maganda ya machungwa, majivu ya majiko sita, maana nyumba ilikuwa ya vyumba sita na kila chumba kinapika uani hapohapo. Nzi walihama soko wakaja kwetu. Mama Aikande, mwanamke aliyekuwa anafuta vumbi mpaka kwenye mkaa, alikuwa anapita uani kashika gauni juu, midomo anaisogeza bila sauti. Kila jioni anamuuliza baba mlangoni, "Bado?" Baba anatikisa kichwa. Baba alikuwa mkata vitambaa duka la tajiri mmoja Mtaa wa Uhuru, na barua zetu zote zilipitia sanduku la posta la tajiri huyo, siyo kwamba tulikuwa na letu.

Siku ya tano nimekwenda chuoni kusoma Kurani, Mwanaisha akavuta mkeka wake pembeni. "Usinisogelee, Zena. Una machicha miguuni. Kwenu siku hizi mnafuga kunguru?" Chuo kizima kikacheka. Nilikuwa na miaka minane. Nimerudi nyumbani mbio.

Bibi alikuwa amelala baada ya adhuhuri. Nikachukua fagio la chelewa, nikafagia. Nilifagia vizuri, kwa mistari, mchanga unabaki na michirizi kama nywele zilizochanwa, hivyohivyo mama alivyonifundisha. Takataka nikajaza mapakacha mawili, nikazipeleka jaani nyuma ya nyumba ya Mzee Pazi. Niliporudi uani nikasimama katikati nikaona pazuri, nikafurahi. Kisha ndege ikapita juu. Ndiyo nikamkumbuka mama.

Bibi Tatu akatoka chumbani anafunga kanga yake. Akatazama mchanga. Nilitegemea kofi, kofi ningelipokea. Hakunipiga. Alikaa chini kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akasema polepole:

"Zena. Umemfagia mama yako."

Sijui kama mtu mzima anaweza kuelewa neno hilo linavyoingia kwa mtoto. Mimi sikulia. Nilikwenda mbio mpaka jaani, nikapiga magoti, nikaanza kuchambua taka zetu kutoka kwenye taka za mtaa mzima. Ganda hili la kwetu, hili siyo. Magamba haya ya changu wetu wa juzi. Nilikuwa naogopa nikirudisha taka za watu wengine haitakubalika. Nikajaza pakacha, nikaja nalo uani, nikaanza kumwaga, kidogo hapa, kidogo pale, kama mtu anapanda mbegu.

Mama Aikande akatokea mlangoni. "We mtoto! Unafanya nini?"

"Narudisha."

"Unarudisha nini?"

"Nimefagia, na mama hajafika."

Huyo mama, siku tano nzima alikuwa anaomba uani pafagiliwe. Alinitazama, akamtazama Bibi Tatu aliyekaa pale anavuta tasbihi. Akakunja gauni lake, akainama, akashika pakacha upande wa pili. Tukamwaga wote. Akaniuliza, "Maganda yalikuwa upande huu au ule?" Nikamwonyesha. Tulipomaliza akaniambia sikioni, "Mimi nitaomba kanisani, wewe omba kwenu. Mungu hawezi kutukatalia wote."

Usiku huo sikula. Kesho yake, siku ya sita, baba akarudi mchana, si kawaida yake, anatembea haraka na karatasi mkononi. Tajiri wake ndiyo kwanza alikumbuka kwenda kufungua sanduku la posta. Baba akasoma akiwa wima uani katikati ya taka: NIMEFIKA SALAMA MWANAIDI AMEJIFUNGUA MTOTO WA KIUME. Kisha akatazama juu ya karatasi, mahali pa tarehe, akakunja uso.

"Nini tena?" Bibi akauliza.

"Imepigwa siku ileile."

Yaani mama alifika, akamkuta mdogo wake ameshazaa, akapiga ile simu, na sisi bado tuko Buguruni tunabadilisha tairi. Siku sita tumekaa na nzi, na karatasi imelala ndani ya sanduku la chuma, mtu hajakumbuka ufunguo!

"Nilisema!" Mama Aikande alipiga makofi. "Mimi si nilisema? Siku ya kwanza nilisema!"

"Ulisema," Bibi Tatu akamjibu. "Na asingefika, ungesema nini?"

 Mama Aikande akachukua fagio. Bibi akanivuta, akanifuta uso kwa pindo la kanga yake, kwa nguvu, kama anasugua sufuria, akaniambia nikaoge nanuka jaa. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani niliyoombwa. Wazee wetu hawakuwa na maneno mengi ya samahani kama hawa wa leo wanaokuomba radhi kutwa na hawaachi walichokuwa wanafanya.

Mama aliporudi baada ya mwezi, vigelegele vilianzia kwa Mzee Kipara vikamleta mpaka mlangoni. Alituletea pipi alizopewa ndani ya ndege ili masikio yasizibe, hakula hata moja, na mfuko wa karatasi wa kutapikia ambao Bibi aliutumia kuwekea hiliki miaka mingi. Tulimzunguka. Huko juu kukoje? Mama akafikiri, akasema, "Kama godoro limechanika, pamba tupu." Watu wakaja siku tatu mfululizo kusikiliza hiyo habari ya pamba.

Sasa nawaletea mjukuu wangu Nasra, mwenye duka la mikoba Mtaa wa Congo. Mwezi uliopita nikawa simwoni. Nikasema ana wateja. Siku ya nne nikamtuma jirani amwambie aje achukue mihogo, akaja na jibu, "Nasra yuko Guangzhou." Nikadhani ni jina la hoteli, mpaka siku aliyorudi ndiyo jirani akaniambia ni mji wa Uchina.

Amerudi juma lililofuata, anaingia ukumbini kwangu, "Bibi, kuna nini cha kula?"

Nikamwambia, "Umekwenda Uchina wewe?"

"Eeh, nilikwenda kufuata mzigo. Siku nane tu."

"Bila kuniaga?"

"Bibi jamani, si niliweka stetasi? Hukuona?"

Simu yangu mimi ina tochi na redio, hiyo stetasi inakaa wapi? Nikamuuliza nani alimsindikiza. Hakuna, aliagiza gari. Nani alijua kama amefika? Akacheka, akanionyesha kwenye simu yake ramani na kidude kidogo cha ndege kinatambaa. "Siku hizi mtu haulizwi, Bibi. Anaonekana."

Anaonekana na nani? Siku nane mtoto wangu yuko juu ya bahari na katika nchi za watu, na mimi nimekaa barazani nacheka na mwenzangu Bi Saada, nakula, nalala usingizi, dua moja sikumwombea. Ndege za sasa ni kubwa, zinafika bila kutua tua, hilo sikatai. Sisi tulikuwa wajinga, tulikaa na taka bure, na hilo pia sikatai. Lakini mama yangu alipokuwa angani kulikuwa na nyumba nzima haivuti pumzi, Mwislamu na Mkristo, na mtoto wa miaka minane amepiga magoti jaani. Huyu wangu alipaa kama nzi, akatua kama nzi.

Nilitaka kumgombeza. Maneno nilikuwa nayo, mengi. Lakini ameshakaa mkekani, kichwa ameinamia sahani, amekonda kidogo, chakula cha huko hakikumkubali. Kati ya tonge mbili ndiyo akakumbuka: "Halafu shikamoo, Bibi," mdomo umejaa wali.

Nikaitikia marahaba, nikamwongezea mchuzi. Ningefanya nini?