Mwenye Kalamu Husimama Miguuni

Kazi ya kliniki ya meno niliiomba kwa sababu moja, na sitajisingizia nyingine: ilikuwa mwendo wa dakika nane kutoka mlangoni kwangu hapa mtaa wa Pioneer, Eldoret. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema nikiinuka kwenye sofa, sofa hubaki na umbo langu likinisubiri. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mwandiko unaosomeka, na hamu kubwa ya kurudi nyumbani mapema. Mwenye kliniki, daktari mwanamke, aliangalia mwandiko tu. "Hayo mengine tutavumiliana," akasema.

Kabla sijaja, alikuwa akiandika faili zake mwenyewe. Lakini daktari wa meno hana mkono wa kuandikia. Mmoja una chombo, wa pili una kioo, na yote miwili iko ndani ya glavu. Kwa hiyo alikuwa akiandika jioni, wagonjwa wa siku nzima kwa mpigo, kwa kukumbuka. Kilichomkomesha alinisimulia mwenyewe. Siku moja alifungua faili ya mama fulani, akakuta ameandika kwamba alimziba jino la kulia, na mama mwenyewe yuko pale kitini, mdomo wazi, jino lililozibwa liko kushoto. "Hakuna aliyeumia," aliniambia, "lakini wiki hiyo sikujipenda." Ndipo akaamua kalamu ishikwe na mtu mwingine, mgonjwa akiwa bado kitini.

Mtu huyo nikawa mimi. Upande wa kichwa palikuwa pamejaa: Daktari huku, dada wa kumshikia vyombo kule. Mimi na faili yangu tukabakiziwa miguuni pa mgonjwa. Yeye anataja, mimi naandika, kwa Kiingereza changu cha shule ambacho hapa nitakusitiria nikiweke kwa Kiswahili. Kila jino lina nambari yake. Akisema thelathini na sita, hilo ni gego la chini kushoto. Wiki ya kwanza nilikuwa nikiyahesabu kwa ulimi kwenye meno yangu mwenyewe, mpaka Daktari akaniuliza kama na mimi ninaumwa.

Shida ni kwamba mtu wa kukaa sana huwa na macho. Nikaanza kuongeza yangu. Siku moja niliandika: "Mgonjwa amekuja na mtoto. Mtoto amekula pamba." Daktari aliisoma hiyo, akavua glavu polepole.

"Karani, hii ni faili au ni barua ya kwenda kwa shangazi yako?"

"Ni faili, Daktari."

"Basi andika nilichosema. Ulichoona, nenda nacho nyumbani. Kukiwa na neno baya humu, mimi ndiye nitakayeulizwa. Nikikuta kingine, kalamu inarudi kwangu, na wewe unarudi kwa sofa."

Nilimsikia vizuri sana. Eldoret nzima sikujua kazi nyingine ya dakika nane.

Halafu akaja Mzee. Alitoka upande wa Ziwa, nje ya mji, mkulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa, na alikuwa amevaa koti na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa kama anaenda kuoza binti. Magego mawili ya chini yalikuwa ya kung'oa, moja siku hiyo, la pili, ambalo ndilo lilikuwa baya zaidi na lilihitaji kutulizwa kwa dawa kwanza, baada ya wiki mbili. Daktari alimdunga ganzi, akangoja, akaanza kugusagusa.

"Unasikia uchungu, Mzee?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Fanya kazi yako, mama."

Uso wake ulitulia kama wa mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Wanaume wa rika lake huku kwetu walifundishwa ujanani, siku ya kutahiriwa, kwamba uso haukunjwi hata kisu kikipita, na aliyekunja husemwa mpaka azeeke. Mimi hupiga kelele nikikata kucha, kwa hiyo nilimtazama kwa heshima. Lakini nilikuwa miguuni. Visigino vya viatu vile vilikuwa vimekaza kwenye nailoni ya kiti, vinazama, vinazama, hadi nailoni ikapasuka na sponji ikachungulia.

"Andika," Daktari akasema bila kugeuka. "Ganzi imeshika. Mgonjwa hana maumivu."

Niliandika. Kisha nikabaki nimeishika kalamu. Kusema kwa sauti kwamba Mzee anaumia kungekuwa ni kumvua nguo mbele ya wanawake wawili. Kunyamaza nako kulinishinda. Nikaongeza mstari mmoja: "Amesema hana. Visigino vimepasua nailoni ya kiti." Gego likang'olewa hivyo hivyo. Jioni Daktari alitia sahihi rundo zima la faili bila kusoma, nikaenda nyumbani nimenusurika.

Wiki mbili zikaisha, Mzee hakuonekana. Alikuja ya nne, amevutwa na binti yake.

"Anasema jino limepona lenyewe," binti akamweleza Daktari pale mlangoni, "na anatafuna upande mmoja kama ng'ombe aliyechomwa na mwiba. Leo akitoka hapa vibaya, sitaweza kumrudisha tena."

"Na hilo likibaki litajaza taya usaha," Daktari akasema. "Lakini mbona aogope? Mara ya kwanza hakusikia chochote." Akafungua faili kuhakikisha.

Alisoma. Akarudia kusoma. Mimi nilikuwa nimesimama mahali pangu, naangalia ukuta, napanga maneno ya kumwambia mke wangu. Daktari akatazama chini, kwenye kile kiraka cha plasta tulichokuwa tumebandika juu ya nailoni. Hakuniuliza kitu, wala hakumuuliza Mzee.

"Karani," akasema, "simama hapo hapo. Weka kalamu kifuani. Ukiona jambo la kuandika, ishushe."

Mzee akadungwa. Tukangoja. Daktari akagusa.

"Uchungu, Mzee?"

"Hakuna."

Visigino vikazama. Nikashusha kalamu.

"Dawa yangu leo ina uvivu," Daktari akasema. "Niongeze kidogo, si kwa ajili yako, Mzee. Ni mimi sitaki kazi yenye haraka."

Akaongeza, tukangoja tena, na safari hii akagusa na kugusa na kiatu cha kushoto kikalala upande, kimelegea kama mtu aliyesinzia kanisani. Kalamu ilibaki kifuani. Gego likatoka.

Mzee aliinuka na pamba yake mdomoni, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe kijana, tangu niingie unaangalia viatu vyangu. Unataka kununua?"

"Vitanipwaya, Mzee."

"Vitakupwaya, ndiyo. Hiyo ni miguu ya mtu wa kukaa."

Binti yake alicheka mpaka akashika mlango. Nilikubali; Mzee ameniona siku mbili tu na tayari anasema kama mke wangu.

Walipoondoka, Daktari akaweka faili mbele yangu.

"Hii uliiandika wewe."

"Ndiyo, Daktari."

"Na nilikuwa nimekukataza."

"Ndiyo."

"Na mimi nikatia sahihi bila kusoma." Akaigonga sahihi yake kwa kidole. "Nilimng'oa mtu jino anaumia, na karatasi yangu mwenyewe ilikuwa inaniambia. Sasa sikia. Nilichosema kitakaa juu, ulichoona kuhusu mgonjwa kitakaa chini yake. Kabla mgonjwa hajashuka kitini unanisomea yote, ndipo natia sahihi. Neno langu likikosea ni langu. Lako likikosea ni langu pia, kwa hiyo nitasikiliza."

Miaka imepita na bado tunafanya hivyo. Nimewahi kushukuru kwa vitu vikubwa, harusi, watoto wawili, choo cha ndani. Lakini hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia kwamba kule kukodoa macho kwangu kuna kazi, halafu akakubali kulaumiwa kwa ajili yake.

Siku ile nilimsomea ya Mzee, kama nasoma somo la kwanza kanisani: "Gego limeng'olewa. Ganzi mara mbili. Visigino vimetulia. Mzee ni mwanamume kamili."

Daktari akachukua kalamu, akaikata sentensi ya mwisho.

"Hiyo anaijua mwenyewe," akasema, akatia sahihi.