Wimbo Alioujua Babu Kabla ya Bendera

Tangu nihitimu masomo ya jioni hapa Tukuyu, nimekuwa profesa wa wilaya nzima bila kuteuliwa na mtu. Wiki iliyopita mwalimu wangu wa zamani aliniomba nije Alhamisi jioni niwaeleze wanafunzi wapya wimbo wa taifa ulitoka wapi na una maana gani. Niliandaa maelezo ya kujaza lori la ndizi: kwamba tuni yake ilizaliwa Afrika Kusini kama wimbo wa kanisani, ikasafiri nchi hadi nchi ikivalishwa maneno mapya, ikafika kwetu kuwa dua.

Alhamisi hiyohiyo kaka yangu alikuwa anaondoka kwenda Chunya kuchimba dhahabu. Asubuhi, ukungu umelalia migomba pale kwetu Lupepo, yeye anafunga begi, mimi nikasimama mlangoni nifanye mazoezi ya kuuimba. Sauti yangu, nawaambieni, ingekausha chai bila kiwanda.

Babu akatoka jikoni, akavua kofia.

"Wamemtoa nani?" akauliza.

"Hajatolewa mtu, Babu. Ni wimbo wa taifa."

Akaketi. Ujana wake uliishia migodini huko Johannesburg, na kwa miaka yote alitusimulia baridi na uji wa kule tu. Asubuhi ile alisimulia mengine. Wimbo ule aliujua kabla nchi yetu haijawa na bendera. Mwamba ukianguka, waliokuwa juu walipanga mstari kwenye mdomo wa shimo, wakauimba mpaka wa mwisho atolewe.

"Mdogo wangu nilimpokea kwa huo," alisema, kisha akamgeukia kaka. "Mjukuu wangu, acha kwanza wiki hii ipite."

Kaka akacheka. "Babu, huu wanaimbiwa timu ya taifa. Wanafungwa, ila hawafi."

"Shimo lenu linashikiliwa na nini?"

"Magogo."

"Yalikatwa lini?"

"Sasa hilo mimi nitalijuaje, Babu?"

Akapanda bodaboda, akaondoka.

Jioni nilieleza vizuri, nikapigiwa makofi. Mwalimu akasema tusimame tuimbe. Nilisimama, lakini mdomo haukufunguka.

Jumapili kaka alipiga simu: kesho anaingia shimoni, zamu ya kwanza. Tangu Jumatatu hapatikani. Namwambia Babu kwamba Chunya mtandao ni wa kupanda mtini, tena mti mrefu kuliko mlima Rungwe. Ananisikiliza, hacheki.

Leo Jumatano nimemkuta amevaa koti la kanisani, anauliza gari la kwenda Chunya linaondoka saa ngapi.