Picha ya Alhamisi

Karakana yetu ilikuwa ghala la mbata kabla hatujaipata, na mpaka leo mvua ikinyesha kuta zake hutoa harufu ya nazi kavu. Iko Msambweni, kando ya njia ya kwenda Munje. Watu huleta redio, pasi, cherehani, simu zilizotumbukia majini, na taa za sola za wavuvi wa Funzi ambazo chumvi imezila mpaka ndani. Sisi hatuwatengenezei. Tunawakalisha mezani, tunawapa bisibisi, tunawaonyesha, na wanatengeneza wenyewe. Upande wa pili kuna kompyuta sita tulizopewa na wafadhili, na huko tunafundisha kuandika barua, kuomba kazi na kuuza vitu mtandaoni. Mimi ndiye ninayeiendesha. Ni mtu wa kelele na haraka, na mengi mazuri yaliyofanyika mle yalifanyika kwa sababu hiyo. Hili ninalolisimulia pia.

Mwanzoni wanawake hawakuja. Walichungulia mlangoni, wakaona meza imejaa wanaume, wakapita zao. Nikaamua alasiri ya Alhamisi iwe yetu wanawake peke yetu. Tulitia komeo, tukatundika leso madirishani, na kwa kuwa chini ya bati lile joto ni la kuoka mkate, mabuibui na mitandio vilivuliwa vikatundikwa misumarini. Ili watu wawe na amani, niliweka kapu mlangoni: kila anayeingia aache simu yake humo, asije mtu akapiga picha. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe, nikaieleza kwa sauti kubwa, na mwenye kusahau nilimkumbusha bila haya. Simu yangu peke yake haikuingia kapuni. Nilisema huenda wafadhili wakapiga.

Miongoni mwao alikuwako mama mmoja wa Munje, rika langu, mpole wa maneno. Alikuja na taa moja iliyokufa, ya shemeji yake mvuvi. Nilimwonyesha namna ya kuifungua na kuisugua ile kutu ya kijani kwa mswaki wa zamani na spiriti. Wiki ya pili alileta taa tatu. Baada ya miezi michache alikuwa ananisahihisha. "Shoga, hapo unaunguza," aliniambia siku moja, akanitoa kifaa mkononi taratibu, na kweli nilikuwa naunguza. Wanawake wengine wakaanza kukaa karibu naye kuliko karibu nami. Niliona wivu kidogo, halafu nikafurahi, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo: mtu ambaye angeweza kuishika Alhamisi hata mimi nisipokuwapo.

Alhamisi moja alikuwa ameketi kichwa wazi, nywele amesuka, fulana ya mikono mifupi, leso kiunoni. Alikuwa akilehemu waya mwembamba kama uzi. Moshi ulipomjia usoni aliupuliza kwa pembe ya mdomo bila kuinua macho. Alipendeza mno. Nikatoa simu nikapiga picha, na kwa vile cherehani mbili zilikuwa zikienda kwa pamoja, hakuna aliyesikia.

Wafadhili walikuwa wakiniomba picha za wanawake kila mara. Hiyo nikaiweka kwenye ukurasa wa karakana, nikaandika chini yake maneno ya kujigamba kuhusu akina mama wa pwani na teknolojia. Nilijiambia kwamba ameinama, hatajulikana. Wallahi nilijiambia hivyo, na huku nikijua kwamba Munje nzima inamjua hata kwa kisogo.

Aliiona kwenye harusi Kinondo. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani wakila pilau, simu ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia. Binti wa shangazi yake, aliyekuwa ubavuni pake, ndiye aliyenisimulia. Alisema mwenzake aliitazama, akairudisha kwa mwenyewe, akanawa mikono na hakula tena. Niliiondoa picha siku ile ile. Lakini ilikwisha kuingia kwenye makundi ya watu nisiowajua, na huko sina mkono.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala ya pili, wala ya tatu. Wenzake walipomuulizia, niliwajibu kwamba mumewe amemkataza. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilikisia tu, kisha nikakisema mara nyingi mpaka nikakiamini. Niliwaandikia hata wafadhili kwamba tumempoteza fundi wetu bora kwa sababu ya wanaume wasiopenda maendeleo. Maelezo hayo yalinifaa sana, maana yalikuwa na mkosaji, na mkosaji hakuwa mimi.

Wiki ya nne nikaenda kwao, nimebeba sanduku jipya la vifaa kuwa zawadi. Mumewe alikuwa uani akifua nazi. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda alichonisogezea, nikaanza kumsihi. Nilimwambia kosa ni langu, picha nimeiondoa, basi tafadhali amruhusu mwenziwe arudi, kwani karakana inamhitaji.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiweka chini nazi aliyoishika.

"Shemeji, mimi picha niliiona, na sikupendezwa, sikufichi," alisema. "Lakini sikumkataza. Nilimwambia mimi mwenyewe, nenda, yamekwisha. Hataki. Kwani wewe hujamuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Namba yake nilikuwa nayo, na nyumba yake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kwa wiki tatu nilikuwa nimemsema kila mahali, nisimtafute yeye hata mara moja. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawa moto.

Mkewe alinikaribisha ndani vizuri. Alinitilia chai, akanikatia mkate wa sinia, akaniuliza hali ya nyumbani. Nilipomwomba radhi aliitikia haraka, kana kwamba alitaka kuniondolea mzigo.

"Nimekusamehe. Kwa Mungu nimekusamehe, sina kinyongo."

"Basi utarudi?"

Akatikisa kichwa. "Mle ndani nilikuwa najisahau, shoga. Nikianza kazi nasahau nimevaa nini, nimekaaje. Sasa nikija nitakuwa nakutazama wewe mikono. Kazi ile haitaki mtu anayetazama pembeni." Akaniongezea chai. "Na leo umekuja, umeanzia uani."

Nilimsogezea sanduku. Alilifungua, akakijaribu kisu kidoleni, akasema vifaa ni vizuri, akalifunga. "Mpe mwanafunzi mwengine."

Nilitaka kulia na sikulia, kwa kuwa ningelia angelazimika kunibembeleza, na hilo lingekuwa la kuzidi. Nilikunywa chai. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia habari za nyumbani, kama ile picha bado ninayo.

"Nimeifuta," nilisema.

"Kwenye ukurasa. Nauliza kwenye simu yako."

Nilikuwa nayo. Kila siku nilijiambia nitaifuta, na kila siku niliitazama tena kwa sababu ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikaitoa simu, nikaifungua, nikampa.

Aliitazama muda mrefu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliyoiona kwa nafasi yake, bila macho ya watu juu yake. Aliikuza kwa vidole viwili, akauangalia ule waya, akazitazama nywele zake.

"Nimetoka vizuri," akasema.

Kisha akaifuta. Akaenda na kule zinakokaa picha zilizofutwa, mahali ambapo watu wengi hawajui kwamba papo, akaifuta na huko. Mimi ndiye niliyemfundisha.