Platinamu ya Baba Rhoda

Hellena alikuwa na mume mwema, na wema huohuo ndio uliomchosha. Felisian hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, misa ya Jumapili haikumpita. Ila akitokea mtu mwenye maneno matamu, basi, kwisha habari. Miaka ile ya ruksa, kila mwenye baiskeli alipojiita mfanyabiashara, Felisian alinunua dawa ya wadudu iliyokuwa majivu matupu. Akanunua na saa iliyotembea mpaka alipofika nayo nyumbani, ikafia hapo. Hellena alisema akachoka, akanyamaza akachoka vilevile.

Siku moja mvua zikiwa zimekaribia, Felisian alirudi kutoka sokoni Sumbawanga na kitu kimefungwa kwenye kitambaa.

“Mama Rhoda, funga mlango.”

“Mchana huu?”

“Funga kwanza!” Akafungua kitambaa. Kipande cha madini, saizi ya kipande cha sabuni, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. “Platinamu hii. Dhahabu haioni ndani.”

Mwenye mali aliitwa Baltazari. Jumamosi angekuja hapo Milanzi, nyumbani kwao, kuchukua malipo yake, na malipo yenyewe ni Hodari na Subira, maksai wawili pekee waliokuwa nao. Hellena akaliona shamba la mahindi na ulezi likimngoja na jembe la mkono, na mgongo ukaanza kumuuma hapohapo.

“Ameniachia niipime kwanza,” Felisian akasema. “Tapeli gani anaacha mali yake?” Akachomoa sumaku ya spika mbovu ya redio, akaigusisha kwenye kile kipande. Haikushika. “Umeona? Ndiyo dalili yake!”

Hellena aliichukua ile sumaku akaibandika kwenye sufuria yake. Ikaanguka chini.

“Kumbe tangu tuoane tunasonga ugali kwenye platinamu. Mbona hukuniambia?”

Akakishika kile kipande, na mkono wake ukakitambua kabla ya akili. Hellena alizaliwa Wampembe, ziwani. Akakikwaruza kwa kisu, kikakatika kama muhogo wa kuchemsha. Akakisugua ukutani palipopakwa chokaa, kikaacha mstari wa kijivu.

“Baba Rhoda, hii ni risasi. Ya kuzamishia nyavu. Utotoni nilikuwa naiyeyusha mwenyewe kwenye kigae, baba anaimimina.”

“Nyie watu wa ziwani kila kitu kwenu nyavu!”

Ee Mungu nipe subira, Hellena akasema moyoni. Akamkokota mpaka kwa Clemens, fundi saa wa sokoni. Clemens alikipima mkononi mara moja tu, akakirudisha.

“Platinamu ya saizi hii, mama, ingekuwa na uzito karibu mara mbili ya risasi. Na haiyeyuki ovyo, hata mhunzi na mivukuto yake haiwezi. Kama mnabisha, itieni motoni.”

Njiani kurudi Felisian alikuwa amenuna. “Clemens ana wivu tu. Baltazari alinionya, ikipata moto inapoteza nguvu.”

“Nguvu gani? Madini hayo au hirizi?”

Felisian akaongeza mwendo. Hellena alisema asubuhi, alisema jioni, alisema wakipukuchua mahindi. Ni kumpigia mbuzi gitaa. Jumamosi ikafika, na Baltazari akafika nayo, kamba ameiviringisha begani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” Hellena akajibu, hata hakumtazama. Alikuwa amechutama kwenye mafiga, moto unawaka kwelikweli. Felisian alikwenda zizini, akamfungua Hodari. Hapo uvumilivu wa Hellena ukaisha. Akakitia kile kipande kwenye kigae, kigae motoni, akapaza sauti hata majirani wakasikia.

“Njooni muione mali yenu!”

Walipofika, majirani nyuma yao, platinamu ilikuwa imelegea pembeni. Ikatoa matone, kisha ikawa uji.

Baltazari akajishika kichwa. “Mmeniharibia mali! Nilisema moto marufuku! Sasa ng'ombe ni haki yangu!”

Na Felisian, jamani, Felisian akanyoosha mkono kumkabidhi ng'ombe!

“Weee! Thubutu!” Hellena aliingia ndani, akatoka na chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia wavu wa marehemu baba yake, kumbukumbu aliyokuja nayo alipoolewa. Akalitazama kidogo, roho ikamuuma, akalitia kwenye kigae cha pili. Nalo likalegea, likawa uji uleule. “Na hii nayo ilikuwa platinamu? Basi baba yangu alikuwa tajiri, amekufa hajui, anavulia migebuka!”

Uani kicheko kikalipuka. Baltazari akasema ana mgonjwa wa kumwahi mjini, akaparamia baiskeli yake, kamba akaisahau chini.

Felisian alimrudisha Hodari zizini, kisha akaja kukaa kando ya mafiga mpaka risasi ikaganda kwenye vile vigae viwili. Hellena alisubiri. Asante hakuitaka, hata pole tu kwa lile chubwi la baba yake ingemtosha.

Felisian akagusa kigae kimoja, akagusa na cha pili, akashusha pumzi.

“Ya baba yako, sawa, ilikuwa risasi,” akasema. “Hii yetu ndiyo umeiharibu.”

Hellena akaiokota kamba ya Baltazari, akamtupia mumewe mapajani.

“Haya, nimeiharibu. Mvua ikinyesha, uwafunge maksai kwa kamba hiyo ukalime.”