Mama Amenikataza Kusema Alichokiona Daktari wa Meno

Admin, naomba unifichie jina, kwa sababu ndugu zangu wote wapo humu na kaka yangu anasoma kila unachoposti.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, fundi cherehani hapa Lushoto mjini, nina mume na watoto. Mama yangu anaishi kijijini, upande wa Mlalo, kwenye nyumba aliyotuachia baba alipofariki. Nina kaka wawili, mimi ndiye mdogo. Mama ni kiongozi wa akina mama usharikani. Msichana akipotea njia, yeye ndiye anayeitwa. Wanawake wanaokunywa pombe anakaa nao, anawasema kwa upole mpaka wengine wanaacha. Watu wanamheshimu sana, na yeye heshima hiyo anaijua.

Mwaka huu alikuja kunitembelea nikaona anatafunia upande mmoja. Hata viazi laini anavisukuma kwa ulimi. Nikamuuliza, akasema ni jino tu, litapoa lenyewe. Nikambembeleza mpaka akakubali twende kwa daktari wa meno, dada mmoja mpole ambaye alimwamkia kwanza shikamoo ndipo akamkalisha kwenye kiti.

Alimkagua muda mrefu. Akasema, "Mama, meno yako ni mazima, hakuna lenye tundu." Nikafurahi. Kisha akauvuta mdomo wa chini, akaukunjua, akasogeza taa karibu. Kati ya mdomo na fizi palikuwa na weupe kama ngozi iliyolowa maji, katikati kuna kidonda kidogo. Fizi ya hapo ilikuwa imeshuka mpaka mizizi ya meno inaonekana.

"Mama, unatumia ugoro?"

"Hapana," mama akajibu haraka.

Daktari hakubishana naye. "Sikuulizi ili nikuhukumu. Ugoro ukikaa mahali pamoja miaka mingi, fizi inaonyesha. Nikijua ndiyo nitakusaidia."

Mama akaniambia nikamnunulie maji. Niliporudi alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Alishasema.

Tulipokaa kwenye benchi nje akaniambia kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Baba alipofariki tulikuwa wadogo na chakula hakikutosha. Alikuwa anatupakulia sisi, anasema yeye ameshakula, kisha anakwenda kwenye shamba la maharage na tumbo tupu. Bibi mmoja aliyelima naye akampa ugoro, akamwambia weka hapa, njaa itanyamaza. "Ikanyamaza kweli," mama akasema. "Mlipoanza kushiba wote, mimi sikuweza tena kuuacha." Miaka yote hiyo anaufunga kwenye pindo la kanga, anauweka akiwa shambani au akibaki peke yake jikoni. Nililia palepale kwenye benchi, watu wanapita.

Daktari alikata kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa. Majibu yalipokuja alituita, akatueleza taratibu kwamba ni saratani, ila tumeiwahi, na hospitali kubwa wanaweza kuiondoa. Akatuandikia rufaa. Mama alisikiliza kama anasimuliwa habari za mtu mwingine. Tulipotoka akanishika mkono. "Kaka zako waambie naumwa. Ugoro usiutaje. Niahidi." Nikamwahidi.

Kumbe nilikuwa najifunga. Kaka mkubwa aliposikia ni saratani ya mdomo alisema haiwezekani, mama hanywi pombe, havuti sigara, itoke wapi? Akaanza kusema ni mkono wa mtu. Na mtu anayemtaja ni shangazi, dada yake baba, kisa ugomvi wa zamani wa mpaka wa shamba. Mimi nami nasemwa, eti jino halikuwa na tundu, kwa nini nilikubali mama akatwe nyama. Kaka zangu wameamua kwanza aende kwa mganga, hospitali baadaye.

Juzi nilipanda kijijini. Shangazi akaja na chupa ya uji, maana alisikia wifi yake hawezi kutafuna. Kaka mkubwa akamzuia mlangoni. "Shangazi, rudi nao kwako." Yule mama wa watu akabaki amesimama na chupa mkononi. Akauliza, "Mwanangu, nimewakosea nini?" Kaka akafunga mlango. Mama alikuwa ndani anasikia kila neno, akageukia ukutani.

Tulipobaki wawili nikamwambia, "Mama, shangazi anaonewa. Na wewe siku zinakwenda. Niruhusu niseme."

Akasema, "Wale wanawake niliowakemea watanitazamaje? Nikifa utasema. Nikiwa hai, niachie uso wangu."

Nilipomkumbatia kumuaga nikasikia harufu ya ugoro. Bado anauweka, juu ya kidonda.

Jumamosi hii kaka anampeleka kwa mganga. Nimempigia daktari, ameniambia ugonjwa huu hausubiri, kila tukichelewa sehemu ya kukata inaongezeka. Mume wangu anasema niitishe kikao cha familia niseme yote, mama atanichukia lakini atakuwa hai. Rafiki yangu anasema mtu mzima ukimvua heshima yake, hata hospitali atakataa kwenda. Wote naona wana haki. Nakaa kwenye cherehani nashona nguo za watu, machozi yananitoka.

Leo asubuhi mama amenipigia. Hakunijulia hali kama kawaida yake, ameniuliza tu, "Hujamwambia mtu?" Nikasema sijamwambia. Nikakata simu, nikakaa chini nikaanza kuwaandikia nyinyi, kwa sababu wengi wenu hamumjui.

Ndugu zangu, Jumamosi si mbali. Mliowahi kubebeshwa siri na mzazi, niambieni. Nivunje ahadi, au nimtii mama yangu mpaka nimzike?