Sauti Chini ya Dashibodi

Baba alifariki alfajiri, katika nyumba yetu ya kanjo, baraza la jiji la Nairobi, pale Jericho, akiwa ameketi kitandani anafunga kamba za viatu. Mama hakuwepo. Alikuwa Nakuru kwa dada yangu aliyekuwa amejifungua, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kwenda kumleta. Kumleta tu, si kumwambia.

Kwetu, watu wa magharibi mwa Kenya, mke haambiwi kifo cha mumewe njiani. Huletwa hadi kwake, akaketishwa, wanawake wakamzunguka, huyu akamshika mkono huu na yule mkono ule, ndipo anaambiwa. Sikuweza kubisha. Miaka michache nyuma jirani yetu mmoja alipewa habari kama hiyo akiwa stendi ya basi, akatoka mbio hadi katikati ya barabara, na lori likamkosa kidogo tu. Mama naye alikuwa na presha. Kwa hiyo nilikubali, ingawa nilijawa na hasira kwa kila mtu, hasa wale waliobaki nyumbani wakilia kwa nafasi yao huku mimi nikitakiwa kutabasamu kutoka Nakuru mpaka Jericho.

Gari lilikuwa la mkubwa wangu wa ofisi, ambako nilikuwa mpiga chapa. Siku hiyo lilikuwa linapeleka mzigo Nakuru, na nilipomwendea na macho yangu mekundu alisema nipande, nirudi na mama. Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni, na gari lenye simu ndani lilikuwa jambo la kuwafanya watu wanyooshe shingo. Mimi nikaona nimepata njia. Nikampa shangazi, dada yake baba, namba ya ile simu. Nikamwambia jioni ikikaribia aende kwenye kibanda cha simu pale sokoni, apige aulize tumefika wapi, ili tukikaribia waondoe turubai na viti vya kanisa, wanyamaze, mama aingie kwake kama siku zote.

Hata sikuuliza simu ya gari inavyofanya kazi. Kwangu simu ilikuwa kitu cha kuwekwa sikioni.

Hatujafika hata Kikuyu, ikalia. Dereva hakuinua mkono. Ikalia tena, kisha sauti ya mkubwa ikatoka chini ya dashibodi, karibu na magoti yangu, kubwa kuliko alivyo yeye mwenyewe: "Dereva, mko wapi?" Dereva akamjibu huku akiangalia barabara, kana kwamba anazungumza na kioo. Alikuwa mzee mtaratibu wa Ukambani, anakaa Kaloleni. Akanionyesha kipaza sauti kidogo kilichobanwa juu, kando ya kile kibao cha kuzuia jua.

"Hii inajishika yenyewe," akasema. "Ikilia mara mbili, imefungua. Mkubwa hapendi kungojea."

 Nikaiona sauti ya shangazi ikimwagika ndani ya gari tukirudi, mama akiwa kiti cha nyuma.

"Basi tuizime, mzee."

"Nikizima, kesho niko nyumbani. Dereva aliyekuwa hapa mbele yangu alienda hivyo hivyo."

"Na nikiishika mkononi njia yote?"

"Ikiwa imeinuliwa, mwenye kupiga anaambiwa laini iko bize. Na mkubwa atapiga, ana wageni wa kuchukuliwa airport." Akafikiri kidogo. "Lakini ikilia, uinue mbio kabla ya mara ya pili. Hapo sauti inakuja kwa sikio yako peke yako."

Kumpigia shangazi nisingeweza. Nyumbani hapakuwa na simu, na kibanda cha sokoni hakikuwa na mtu wa kumwita. Ilibaki mkono wangu na ile simu.

Nakuru nilicheka. Nilimbeba mtoto wa dada, nikasema anafanana na baba, na dada, ambaye naye hakuwa ameambiwa, akafurahi. Mama alipanda nyuma akijivuta gauni lisikunjike, akapapasa kiti, akasema leo amekuwa mke wa waziri. Kisha akaniona nafungua mlango wa mbele.

"Unakaa huko kwa nini? Mimi nanuka?"

"Nyuma nitatapika, mama."

"Tangu lini?"

 Nilikaa na mkono juu ya goti, karibu na gia, macho kwenye ile taa ndogo ya simu. Bondeni ilikuwa imezima, maana mtandao wakati huo ulikuwa wa mijini, ukiteremka unapotea. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nikavuta pumzi.

Tulipofika kwenye wauza viazi mama akaamuru tusimame. Alichagua kimoja kimoja, akibinya, akirudisha, akigombana na mwenye kuuza. "Baba yako hataki vile vya sokoni kwetu," akaniambia, "anasema vina maji." Nilishika mfuko ukijazwa viazi vya marehemu, nikauma mdomo mpaka ukaniuma kweli. Dereva alikuwa akifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Tukaanza kupanda kuelekea Limuru. Taa ya simu ikawaka kijani.

Ikalia. Niliinyakua hata kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Alikuwa mkubwa. Nikamweleza tulipo, nikairudisha mahali pake. Mama alicheka nyuma yangu.

"Hiyo inaweza kufika kwa baba yako?"

"Nyumbani hakuna simu, mama."

"Najua hakuna simu, nyumba ni yangu. Nauliza kama ina nguvu hiyo."

Alikuwa amenunua mahindi ya kuchoma. Akavunja hindi katikati, akaninyooshea kipande kwa juu ya kiti, na mimi kama mtoto mwenye adabu nikageuka kupokea kwa mikono miwili. Hapo ndipo ikalia. Mahindi yalikuwa ya moto. Ikalia tena.

"Haloo! Mmefika wapi? Huku watu wamejaa mpaka..."

Nikaangusha mahindi, nikaiinua. Sauti ikahamia sikioni mwangu, shangazi akiendelea bila kujua: wamejaa mpaka kwa jirani, mwili umeshapelekwa mochari, mama yako anajua chochote?

"Tuko Limuru, shangazi," nikasema. "Mama yuko hapa. Hajambo kabisa."

"Watu wamejaa wapi?" mama akauliza. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Nyumbani. Wageni tu."

"Wageni gani? Nipe niongee na wifi yangu."

Nikaivuta ile simu, waya wake ukagoma nusu ya njia. Nikafurahi. Nikasema unaona, haifiki.

"Dereva," mama akasema, "hakuna vile naweza kuongea na huyu mtu?"

Mzee alibadilisha gia kwanza. Nilimwangalia kwa jicho la kumuua. Lakini alikuwa ameulizwa na mama wa rika lake, na uongo haukuwa kazi aliyoajiriwa.

"Ikirudishwa pale, mama, tutamsikia sisi sote."

Nikaweka mdomo karibu kabisa. "Shangazi, mama anataka kukusalimia. Sauti yako itatoka kwa gari yote. Umenisikia? Gari yote." Sikungoja jibu, maana mama alishaegemea mbele na pumzi yake ilikuwa shingoni mwangu. Nikairudisha.

"Wifi!" mama akaiitia dashibodi kwa nguvu, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Kwanza kelele za sokoni tu, na sarafu ikidondoka. Shangazi yangu ni mtu wa kulia hata harusini. Asubuhi hiyo walimtoa juu ya kifua cha baba watu wawili. Nilifumba macho.

"Niko, wifi," akasema.

"Watu gani wamejaa kwangu?"

"Akina mama wa kanisa. Fellowship imekuja huku."

"Na mimi sipo?"

"Tulijua unarudi."

"Na kaka yako? Ametoka kazini?"

Sarafu nyingine. "Leo hakuenda."

"Ni kile kifua," mama akasema, akitugeukia sisi kama tulimbishia. "Nilijua tu, nikitoka hajiangalii. Wifi! Mwambie avae ile sweta ya kijani, iko nyuma ya mlango. Huku kuna baridi, jioni itafika huko. Umesikia? Mwambie namletea viazi."

Dereva alikuwa amepunguza mwendo, magari yanatupita yakipiga honi. Akilini niliona shangazi amesimama kwenye kibanda kile, ameshika simu kwa mikono miwili, na nyuma yake wanawake wanaomtazama.

"Nitamwambia, wifi," akasema, sauti imenyooka kabisa. "Njooni polepole."

Ikakatika. Mama akarudi nyuma, akajifunika leso. Kutoka hapo mpaka Jogoo Road hakuuliza kitu tena, na mimi sikuthubutu kugeuka nikaona uso wake.

Tulikuta kila kitu kimefichwa. Hapakuwa na turubai wala kiti, na redio ya jirani ilikuwa inaimba. Isipokuwa udongo wa uani ulikuwa umejaa vishimo vya miguu ya viti, na mama alipita juu yake akiangalia chini. Akaingia, akaketishwa. Shangazi akashika mkono mmoja. Akaambiwa.

Kilio chake sitakieleza. Nakumbuka dereva alibaki mlangoni na mfuko wa viazi mikononi, anatafuta mtu wa kumpokea, na kila mtu ana kazi ya kumshika mama.

Alipopewa maji na kutulia kidogo, alimgeukia shangazi. "Ulimwambia?"

Wengine walidhani amechanganyikiwa.  Shangazi aliinuka, akaenda nyuma ya mlango, akaiondoa ile sweta kwenye msumari, akaikunja, akaifunga ndani ya leso yake. Kesho yake akaenda nayo mochari. Walimwambia marehemu ameshavalishwa suti na kazi imekwisha. Akawaambia basi mvueni, mimi nangoja, akakaa pale mlangoni mpaka wakachoka naye.

Siku ya mazishi, jeneza lilipofunguliwa watu waage, sweta ya kijani ilichungulia chini ya koti, shingo yake imekunjika upande mmoja. Mama aliinama, akainyoosha taratibu kwa vidole viwili.

"Kumbe alimwambia," akasema.